Blanketi Lililofumwa Nyuma ya Jiko

Miaka sita Okiror alikuwa ameishi na mkewe Anjeline, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuiona mikono ya mama mkwe wake. Uso aliuona mara moja tu, siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, tena kwa bahati mbaya. Mama alikuwa anatoka jikoni na sufuria, yeye anatafuta pa kuegemeza baiskeli, wakakutana ana kwa ana. Wote wawili walitimua mbio. Mama alirudi jikoni na sufuria yake, na Okiror akajitupa nyuma ya ghala la mtama, akachana suruali aliyoiazima kwa rafiki.

Usimcheke. Wateso wa Kwapa, kwao Okiror, na Wajaluo wa Busia ya Kenya, kwao Anjeline, hawakubaliani hata juu ya unga wa ugali, lakini kwa jambo hili walikuwa kitu kimoja. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Mkwe mwenye adabu alijulikana kwa wepesi wake wa kuingia kichakani, na kwa hilo Okiror alikuwa na sifa njema pande zote mbili za mpaka.

Alikuwa fundi wa baiskeli, kibanda chake upande wa Uganda, hatua chache kutoka kizuizi cha mpakani. Mwaka huo wa 1965 baiskeli ndizo zilizovusha kila kitu pale: mahindi, sukari, kuku, mpaka akina mama wenye vitambi wasiotaka kutembea ule umbali kati ya kizuizi kimoja na kingine. Kazi haikumkaukia. Na spoki iliyokatika hakuitupa. Aliisugua kwa tupa, akaikunja ncha, akaigeuza sindano ya kufumia vitambaa, ile yenye kulabu. Akina mama walizifuata kutoka mbali, hata Lunyo, wakasema hazikwaruzi uzi. Okiror mwenyewe hakuwa na habari hata ya kitanzi kimoja. Alikuwa mtu wa kutengeneza vijiko asiyejua ladha ya mchuzi.

Sasa, baada ya miaka sita ya kuulizwa na watu wasiokuwa na kazi kwamba mtoto watampata lini, Anjeline alishika mimba.

Habari ilipomfikia mama yake, Nereah, alilia, akashukuru, kisha akaomba uzi. Nereah alikuwa mjane, hodari wa kroshia kuliko wote ng'ambo ile, na mwenye sifa ya uchoyo. Alijua kufuma kamba. Vitambaa vya kawaida kila mwanamke wa kanisani aliviweza, lakini kamba za Nereah zilipanda juu ya blanketi zikisokotana, moja ikipita mbele ya nyingine, nene, ungesema zinaweza kumfunga ndama. Alijifunza mtindo huo peke yake kutoka kwenye sweta kuukuu la Mzungu lililotoka kwenye mabunda ya misheni. Sweta lilisukwa kwa sindano mbili, yeye alikuwa na moja, akalitazama mwezi mzima mpaka likamwambia siri yake. Na siri hiyo hakumpa mtu. Alifumia jikoni, mlango umefungwa. Akina mama wakibisha hodi, alificha kazi chini ya mkeka, akawapa uji.

Alianza blanketi la mjukuu kwa uzi mweupe wa maziwa. Alikuwa amefika nusu wakati ugonjwa wa mtoto wa jicho ulipomfunga macho yote mawili. Mwanzoni alifuma kwa kupapasa, lakini kamba hazitaki kupapaswa. Ukikosea nguzo moja, safu nzima inapinda. Alifumua, akafuma, akafumua tena, hata siku moja akaweka sindano chini akasema basi.

Lakini blanketi lilikuwa halina budi kwisha. Binti yake angejifungulia kwake, upande wa Uganda, na nyumba ile ni ya mkwe. Nereah asingeweza kuingia humo hata kwa dharura. Kitu chake pekee ambacho kingekuwepo mtoto akifungua macho kilikuwa hicho kitambaa. Alisema hivyo waziwazi kwa binti yake. "Mimi siwezi kuja. Litakuja lenyewe badala yangu. Nusu ya blanketi ni nusu ya bibi."

"Nani atalimaliza, mama? Mimi unanijua," alisema Anjeline. Alipokuwa msichana alijifunza kwa mama yake miaka mitatu, akaambulia mafundo na jina la mvivu.

Nereah aliipapasa sindano yake, iliyotoka kwenye spoki. "Aliyelainisha chuma hiki ana subira," alisema. "Mwambie mkwe wangu aje Jumapili."

Okiror alipoambiwa, alidhani mkewe anamtania. "Mimi? Kufuma kitu ya wanawake? Watu nasema nini?"

"Watasema fundi Okiror amepata mtoto. Ndiyo maneno unayotaka, au siyo?"

Ndiyo maneno aliyoyataka. Jumapili, baada ya kanisa, alimpakia mkewe mwenye mimba ya miezi saba kwenye keria, wakavuka.

Wakamwekea kigoda nje, nyuma ya jiko, uso umeelekea shamba la mihogo. Nereah aliketi ndani kwenye mkeka, mgongo kwenye ukuta huohuo wa udongo. Kati yao palikuwa na unene wa shubiri moja, na Anjeline. Maana hata maneno hayakuruhusiwa kwenda moja kwa moja. Nereah alimwambia binti yake, binti akanyanyuka, akashika kiuno, akazunguka jiko, akamwambia mumewe, kisha akarudi na jibu.

"Mwambie mkwe wangu," ilisikika sauti ukutani, "hivi vinavyosimama wima vinaitwa nguzo. Aruke nguzo mbili, afume mbili zinazofuata upande wa kulia, kisha arudi azifume zile alizoziruka, akipitisha uzi mbele. Hapo kamba itajisokota."

Anjeline akazunguka jiko. "Anasema hivi vinaitwa nguzo…"

"Nimesikia."

"Hujasikia. Mimi ndiye ninayekuambia." Akarudia yote, neno kwa neno, kwa sababu alikuwa posta mwaminifu.

Blanketi lenyewe alipewa akae nalo alitazame, ila alikatazwa kuligusa kwa sindano mpaka aweze. Alipewa uzi mbovu wa kujaribia. Akaruka nguzo mbili. Akatafuta mbili zinazofuata upande wa kulia. Upande wa kulia ndiko alikotoka. Nguzo za huko alikuwa amekwisha kuzifuma. Akazifuma tena juu ya zile za kwanza. Akarudi. Kufika jioni alikuwa na kitu kama ngumi ya mtoto, na sindano imo ndani haitoki.

"Mwambie mama," alimwambia Anjeline, "hii kulia yake iko wapi? Kulia mimi nimetoka. Narudi kufanya nini?"

Anjeline akazunguka. Jibu likaja. "Anasema kulia ni kulia."

Jumapili ya pili akafanya ujanja. Aliacha habari ya kulia, akafuata akili yake, na ajabu, kamba ikatokea. Akaipeleka kwa posta kifua mbele. Ndani vidole vikapapasa.

"Imelala upande mwingine," ilisema sauti. "Yangu inapanda hivi, hii inapanda vile. Afumue."

Akafumua. Jumapili ya tatu hivyohivyo, na ya nne. Alifuata maneno, akapata fundo. Alifuata akili, akapata kamba iliyolala vibaya. Siku za kazi alijaribu kibandani, uzi kaficha chini ya gunia la vipuri, mpaka Patroba, mshona viatu wa kibanda cha pili, aliponyanyua gunia kutafuta solusheni, ile gundi ya mpira.

Patroba alitazama uzi, akamtazama Okiror, akalirudisha gunia polepole kama mtu aliyefunua chungu cha jirani. "Shemeji," alisema, "hiyo ni ya kuziba pancha gani?"

Kuanzia hapo kila baiskeli iliyoletwa kibandani, Patroba alimuuliza mwenyewe kama angependa na kitambaa cha tandiko. Okiror alistahimili. Lililomuuma halikuwa mzaha. Lililomuuma ni kwamba Anjeline alikuwa haoni tena vidole vya miguu yake, na blanketi bado lilikuwa nusu. Alianza kujiona mjinga, na mjinga aliyekaribia kuwa baba. Jumapili ya nne, walipokuwa wakirudi, alimwambia mkewe kwamba labda wamtafute mwanamke wa kulipa. Anjeline alimjibu wakati wanavuka kizuizi. "Mwanamke gani? Anayeijua ni mmoja tu," alisema, na Okiror akasikia kwenye sauti yake kwamba analia.

Siku mbili baadaye Patroba alikuja na baiskeli yake mwenyewe. Pedali ya kushoto ilikuwa imekwisha, na kwa kuwa hakutaka kumlipa jirani kwa kazi ya dakika mbili, alijiazimia spana akaanza kuifungua. Aliizungusha kwa nguvu. Ikakaa. Akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, mishipa ya shingo imemtoka.

"Unaikaza," Okiror alisema bila kuinua kichwa. "Hiyo ni ya kushoto. Ya kushoto nafunguka kinyume. Kila siku watu navunja kwa sababu nafikiri iko sawa na ya…"

Akaweka tairi chini. Patroba aliendelea kumsubiri amalize, lakini Okiror alikuwa amekwisha panda baiskeli isiyokuwa yake akielekea nyumbani, mikono myeusi kwa grisi.

Alimkuta Anjeline anachambua maharagwe mlangoni. "Mama yako," alisema akihema, "nashika sindano na mkono gani?"

"Wa kushoto," Anjeline alisema. "Hukujua?"

"Nitajuaje? Mimi sijaona mkono yake hata siku moja!"

Ungo ulimponyoka Anjeline. Maharagwe yalimwagika. Yeye mkono ule alikuwa ameuona tangu anyonye, na kwa sababu ameuona tangu anyonye, hakuwahi kuufikiria. Mazoea yana taabu zake. Alikumbuka miaka yake mitatu jikoni, ameketi ubavuni mwa mama yake, anaiga kila kitu kwa mkono wa kulia, na uzi unamgomea, na mwiko unapiga meza. "Kumbe," alisema taratibu, "kumbe hata mimi sikuwa mvivu."

Okiror hakumngoja amalize kuomboleza. Aliingia ndani, akalichukua blanketi lenyewe, lile la kukatazwa, akaishika sindano kwa mkono wa kushoto. Akaruka nguzo mbili. Mbili zinazofuata zilikuwa kulia kweli, zimesimama zinamngoja. Akazifuma, akarudi, akapitisha uzi mbele. Kamba ikapanda pale ilipoachwa, ikalala ilivyolala ya Nereah. Ndipo alipoona kwamba hakunawa. Mahali hasa alipokomea mama mkwe na kuanza yeye palikuwa na doa la grisi, kubwa kama sarafu ya senti kumi, jeusi kwenye uzi mweupe.

Jumapili ya tano posta alizunguka jiko na swali: mbona mama hakusema kwamba anafuma kwa kushoto? Halafu Nereah alisema, na kwa mara ya kwanza hakusema na binti yake.

"Mkwe wangu. Bibi yangu aliupiga mkono huu kwa mwiko mpaka ukavimba. Nikajifunza kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kulima kwa kulia. Uzi ndio uliokataa. Basi nikawa nafunga mlango, watu wakaniita mchoyo. Afadhali mchoyo." Akapumua. "Sikukuambia kwa sababu niliona haya. Nimekuhangaisha mwezi mzima kwa haya yangu. Wewe fuma kwa mkono wako. Kamba ilale itakavyo. Siku hazipo."

Okiror alitazama mihogo. Hakuthubutu kujibu ukuta. "Mwambie mama," alimwambia Anjeline, aliyekuwa amekuja kusimama karibu naye, "mtoto nangojea bibi yake. Hangojei fundi ya baiskeli. Mimi nafuma na kushoto."

Anjeline akazunguka kwa hatua fupi, akayafikisha. Kisha akaongeza lake. "Na mimi je, mama? Miaka mitatu uliniita mvivu."

"Wewe ulikuwa mvivu pia," alisema Nereah, lakini sauti yake ilikuwa na maji.

Kusema ni rahisi. Mkono wa kushoto wa Okiror ulikuwa umeishi miaka thelathini ukishika tu kitu ambacho wa kulia unakifanyia kazi, na mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Siku ya kwanza alifuma safu moja. Ya pili, mbili. Alifuma asubuhi kabla ya wateja, akafuma wakisubiri gundi ikauke, na sasa alinawa kwa sabuni mpaka Patroba akamuuliza kama amekuwa daktari. Kufuma waziwazi kulikuwa na faida: mzaha uliisha. Watu hawawezi kumcheka mtu asiyejificha, au wanaweza, lakini mzaha hauna utamu.

Uzi ulipokwisha, alipanda baiskeli hadi Tororo, kipande cha uzi ule mweupe wa maziwa mfukoni, maana duka la Busia lilikuwa na nyeupe ya chokaa tu. Kwenye duka la Mhindi alikuta akina mama wawili wakichagua sufu. Mmoja alikuwa na kazi yake mkononi, na Okiror alijizuia kadiri mwanamume anavyoweza kujizuia.

"Mama, samahani," alisema mwishowe. "Hapo umeruka nguzo."

Mwanamke alitazama kazi yake, akatazama mikono ya Okiror, kucha nyeusi kama za mchimba makaa, akatazama tena kazi yake. Alikuwa ameruka nguzo. Okiror alilipia uzi akatoka haraka kabla hajaulizwa ukoo wake.

Uchungu ulimshika Anjeline Alhamisi asubuhi, zimebaki safu nne. Taaka, mkunga mwenye maneno machache na mikono mikubwa, alimfukuza Okiror nje. Waume wengine saa kama hiyo huzunguka nyumba, huchanja kuni zisizohitajika, hunywa. Okiror aliketi kwenye gogo akafuma. Kila sauti iliyotoka ndani ilimkosesha nguzo, akarudi, akarekebisha. Safu ya kwanza. Ya pili. Taaka alitoka kuchota maji, akasimama mbele yake.

"Wewe ni mwanamume gani?" aliuliza.

"Mama, nina haraka," alisema Okiror, na Taaka akaona kwamba ana machozi, akaenda na ndoo yake.

Safu ya tatu. Ya nne ilikuwa katikati sauti nyembamba mpya ilipopasua nyumba. Okiror aliinuka, akaketi, akakumbuka, akafuma nguzo za mwisho kwa mkono wa kushoto, akakata uzi kwa meno. Mlango ulipofunguliwa hakuuliza ni mvulana au msichana. Alinyoosha blanketi. Alikuwa msichana, na walimwita Amoit, na kitu cha kwanza kumfunika duniani kilikuwa bibi yake mzima.

Wiki ya sita walimvusha mtoto. Okiror aliketi kwenye kigoda chake nyuma ya jiko, uso kwenye mihogo. Ndani, Nereah alimpokea Amoit, akampapasa paji, pua, masikio, akanusa kichwa chake. Alipomaliza na mtoto alianza na blanketi. Alianzia chini, kwenye safu aliyoifuma macho yake yakiwa bado na mwanga, akapanda kamba kwa kamba kwa kidole gumba. Alifika juu. Akashuka tena. Akapanda mara ya tatu, taratibu zaidi, akisimama, akibonyeza, akiendelea.

"Napatafuta nilipokomea," alisema. "Sipaoni. Mwulize mkwe wangu, nilikomea wapi?"

Anjeline alipaona. Doa lilikuwa chini ya kidole cha mama yake wakati uleule anauliza. Alikuwa amelifua kwa jivu, kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, nalo lilibaki pale limetulia kama lina hati ya shamba. Kwa wiki hizo zote alikuwa amebeba kila neno kulizungusha jiko bila kupunguza wala kuongeza, mimba mbele na kiuno nyuma. Aliutazama mlango. Hakuinuka.

"Anasema hata yeye hajui," alisema.

Nereah aliinamisha uso juu ya mtoto. Nje, Okiror alisikia swali aliloulizwa yeye likijibiwa kabla halijamfikia, naye hakulisahihisha jibu. Alifuta macho kwa mkono wa kushoto, uliokuwa karibu zaidi, akaendelea kuitazama mihogo.